Tecno, Samsung, Redmi, Pixel au iPhone used? Kabla ya RAM angalia kwanza ina watu gani nyuma yake

Mdogo wangu anaishi Mpanda, juzi kanitumia voisi noti ndefu kwelikweli, ana laki tano na nusu kaichanga toka mwezi wa tatu anataka simu, sasa kila anayemuuliza anamwambia la kwake, huyu angalia RAM, yule angalia kamera, mwingine betri iwe elfu tano, jirani yake ndo kamaliza kabisa, "si una kaka Dar, akutafutie iPhone used". Nikamwambia mdogo wangu hebu hayo yote weka pembeni kwanza, nijibu mawili tu. Hiyo simu ikianguka kioo kikapasuka, hapo Mpanda kuna fundi anacho? Na miaka mitatu ikipita nani atakuwa bado anahangaika nayo iendelee kufanya kazi? Akakaa kimya kidogo akasema "kaka hilo sijawahi kuliwaza", na kiukweli wengi hatuliwazi mpaka siku yakitukuta.

Mimi yalinikuta. Nilinunua simu moja kali sana ya kampuni ambayo hapa kwetu haina watu, sifa zake ukizisoma unaona wanaonunua zingine wanapoteza hela, miezi mitano mbele ikanidondoka nashuka kwenye daladala. Nilizunguka Kariakoo mtaa wa Aggrey siku mbili duka kwa duka, kila fundi anaipokea, anaigeuza, anaiangalia mgongoni, ananirudishia, "hii kaka sina, hii mpaka uagize China". Nikaagiza, wiki sita, kikaja kioo cha modeli yenye jina linalofanana ila siyo yenyewe, mkanda wake haukai kwenye bodi. Ile simu ipo kabatini mpaka leo, inawaka, inaita, sioni kitu. Simu yenyewe haikuwa na shida yoyote, shida nilikuwa peke yangu na ile simu mji mzima.

Kwahiyo mi siku hizi nikilinganisha simu naanza na watu. Na watu wenyewe ni wa aina mbili, usiwachanganye maana hapa ndo wengi wanapopotea. Kuna watumiaji, yaani walionunua kama wewe, hawa ndo wanafanya spea ziwepo, mafundi waijue, kava na protekta zipatikane hata stendi, na siku unauza used mtu anachukua bila maswali mengi. Halafu kuna madevelopa, nao wako makundi mawili, wanaotengeneza apu zinazoingia kwenye simu, na wale wanaoshughulika na mfumo wenyewe, wanaotengeneza kastomu romu, yaani mfumo wa Android usiotoka kwa kampuni ya simu, kama LineageOS, wanaopachika ile apu ya kamera ya Google, GCam, kwenye simu ambazo hazikuja nayo, wanaoiamsha simu iliyokufa kwenye logo. Simu inaweza kuwa na bahari ya watumiaji na madevelopa wa kuhesabu vidole, na kinyume chake pia ipo.

Apu zinafuata watu

Hili la apu tulilipitia wote. Mnakumbuka Lumia? Nokia walikubaliana na Microsoft Februari 2011 simu zao zitumie Windows Phone, na simu zilikuwa nzuri jamani tusiseme uongo, Lumia 1020 ya mwaka 2013 ilikuwa na kamera ya megapikseli 41 enzi hizo. Lakini watumiaji hawakutosha, sasa kama watumiaji hawatoshi mwenye apu anajiuliza niajiri watu wa kuandika apu yangu mara ya tatu kwa ajili ya nani, anaacha, au anaitengeneza akishamaliza Android na iPhone. Instagram ilifika huko Novemba 2013 nayo kama ya majaribio, Snapchat haikufika kabisa. Na wale wachache waliokuwepo wakiona apu haziji wanahama, wakihama madevelopa ndo wanazidi kukata tamaa, linazunguka hivyohivyo. Oktoba 2017 mmoja wa mabosi wa Windows pale Microsoft, Joe Belfiore, alikiri mwenyewe hadharani kwamba walijaribu sana kuwapa motisha madevelopa, wakawalipa, hadi wakawaandikia apu, ila idadi ya watumiaji ilikuwa ndogo mno kampuni nyingi zikaona hailipi. Tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaachana na Windows Phone na kwa mtu wa kwetu simu isiyo na WhatsApp ni tochi yenye kamera.

Na vitochi vinavyotumia mfumo wa KaiOS navyo kama Smart Kitochi ya Vodacom vimeangukia hapohapo, watu walivipenda maana ni batani, chaji inakaa, na WhatsApp ipo, halafu mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye stoo yao ya apu. Waliokuwa nayo tayari waliendelea kidogo mpaka mwaka 2025, mnunuzi mpya hana pa kuipakua.

Huawei ni kisa tofauti kidogo, hapo watu hawakukimbia wenyewe. Mei 2019 Marekani waliiweka kwenye orodha ya kampuni zilizozuiwa, simu mpya kuanzia Mate 30 ya Septemba mwaka huo zikatoka bila huduma za Google. Kampuni kubwa, vifaa imara, ila ukiwa nje ya China unajikuta unatafuta njia za panya kuweka apu ambayo mwenzako anabonyeza mara moja Play Store.

Niseme na hili maana ni la kwetu kabisa, M-Pesa kwa *150*00# haijali hayo yote, inafanya kazi kwenye kitochi, kwenye Lumia, kwenye Huawei. Kwahiyo kama simu unataka kwa ajili ya kupiga, kutuma hela na redio, hii mada yote ya madevelopa haikuhusu, chukua yenye betri na spea karibu. Ila ukishataka apu ya benki, WhatsApp, TikTok, basi siku hizi ni Android yenye Google au iPhone, hakuna njia ya tatu hapa kwetu na mtu asikudanganye.

Tecno, Infinix na itel ukiziweka pembeni ya Redmi na Poco

Hapa ndo pazuri maana bei zinakaribiana na watu wanagombana kila siku.

Tecno, Infinix na itel zote mama yao mmoja, Transsion wa Shenzhen, na kwa Afrika hawa wanaongoza kwa kuuza simu. Kwa upande wa watumiaji hakuna anayewafikia, nenda wilaya yoyote utakuta kioo, betri, chaji sistemu, na vituo vyao vya matengenezo, Carlcare, vipo miji mikubwa. Halafu kuna kitu mafundi wanakijua ila wanunuzi hawakijui, simu zao nyingi zinatumia prosesa za MediaTek, na MediaTek ina ile programu ya kuflashia, yaani kuiwekea simu mfumo upya, SP Flash Tool, ambayo kila fundi wa programu ameanzia hapo, hata simu imekufa kabisa haiwaki anaweza kuichomeka kwenye kompyuta akairudishia mfumo wake. Kwa fundi wa Tunduma simu ya MediaTek ni rafiki.

Sasa kwa developa wa romu mambo yanageuka. Yeye anataka sosi kodi ya kerneli, yaani maandishi ya programu ya kiini cha mfumo, ambayo kwa leseni ya Linux kampuni inatakiwa iitoe, lakini kwa simu nyingi za bei ya chini inatoka imechelewa au haionekani kabisa, bila hiyo developa anatembea gizani. Matokeo yake Tecno zimejaa mtaani kuliko simu yoyote ila ukitafuta LineageOS rasmi ya Tecno Spark yako utachoka. Zipo njia kama GSI, yaani romu moja ya jumla inayoingia simu nyingi, ilianza kuwezekana Google walipoleta Project Treble na Android 8 mwaka 2017, ila tegemea mara fingaprinti imegoma, mara VoLTE ya kupiga kupitia 4G hakuna, mara kamera ya pili imepotea.

Xiaomi, mama wa Redmi na Poco, wao ni kinyume. Redmi na Poco zina madevelopa dunia nzima, Wahindi, Warusi, Waindonesia, watu wanaoshindana kutoa romu. Poco F1 ya Agosti 2018 ilitoka na Android 8.1, Xiaomi wenyewe wakaishia kuipa Android 10, ila madevelopa wa kujitolea wakaisogeza 11, 12, 13, 14 na kuendelea. Redmi Note 7 ya mwanzoni mwa 2019 nayo hivyohivyo, kampuni iliishia Android 10, jamii ikaibeba. Na hii siyo mara ya kwanza, Samsung Galaxy S II ya 2011 kampuni iliiacha kwenye Android 4.1, watu wa romu ya CyanogenMod na baadaye LineageOS wakaifikisha Android 7.

Ila msidanganyike na jina la kampuni, hapa naomba mtulie kidogo. Madevelopa hawapo kwenye "Redmi", wapo kwenye simu moja moja. Redmi Note 8 ni Snapdragon, Redmi Note 8 Pro ni MediaTek, halafu ikaja Redmi Note 8 2021 nayo MediaTek nyingine kabisa, tatu zote dukani anakwambia "hii Note 8". Kila simu ina jina la ndani ambalo madevelopa ndo wanalitumia, Redmi Note 7 ni lavender, Poco F1 ni beryllium, Redmi Note 8 ni ginkgo. Tafuta kwa hilo jina. Ukikuta romu ya mwisho imetoka miaka minne iliyopita ujue hao watu walishahama, usihesabu wafuasi. Kuna makundi ya Telegram yana watu maelfu na wote wanauliza swali moja, "wakuu simu imestaki kwenye logo nifanyeje", hakuna anayejibu, kundi lingine lina watu mia mbili ila kuna wawili wanaotengeneza romu wenyewe na ukiuliza jioni asubuhi umejibiwa. Mi nachukua hilo la pili.

Na mlango wa Xiaomi unaendelea kufungwa. Zamani kufungua butiloda, ile programu inayoiwasha simu na kuzuia mfumo usio wa kampuni, unaomba, unasubiri wiki moja, unafungua. Tangu walipoleta mfumo wao wa HyperOS masharti yameongezeka, unaomba kupitia apu yao na kila akaunti ina kikomo cha simu kwa mwaka, kwahiyo usinunue Redmi ya mwaka huu ukitegemea historia ya Poco F1. Spea za Redmi siku hizi zipo, Dar, Arusha, Mwanza, Mbeya huteseki, ila wilayani fundi atakwambia njoo kesho, na hiyo kesho ni basi linaloleta mzigo kutoka Dar.

Samsung ukiiweka pembeni ya Pixel

Samsung ndo inayokaribia kuwa na vyote viwili. Watumiaji kila kona ya dunia, fundi yeyote anaijua Odin ya kuflashia, fimuweya za kila modeli zinapatikana, tatizo lolote utakalopata kuna mtu wa nchi nyingine kashalipata kabla yako na kashaandika dawa. Kioo cha A siriizi kipo, japo uliza vizuri maana kuna orijino na kuna kopi na bei zake mbali kabisa, na kopi nyingine rangi zinafubaa na juani huoni kitu.

Na wingi wa watu umewasukuma Samsung wenyewe wafanye kazi ambayo zamani walifanya madevelopa wa kujitolea. Galaxy S24 ya Januari 2024 waliahidi apdeti miaka 7, na hata Galaxy A16, simu ya kawaida tu, ikaahidiwa miaka 6. Hapo kastomu romu unaitafutia nini? Nasema hivyo mimi niliyekesha usiku mwingi naflashi, mtu wa kawaida apdeti inayoshuka yenyewe anabonyeza kisha analala ni bora mara kumi. Maana romu nayo ina gharama yake, ukifungua butiloda ya Samsung ukaweka romu ile fyuzi ya Knox, ulinzi wa ndani wa Samsung, inakatika na hairudi, Secure Folder ya kufungia mafaili yako inakufa moja kwa moja, na apu nyingi za benki zikigundua simu imefunguliwa au imerutiwa, yaani umejipa mamlaka yote juu ya mfumo, zinagoma. Halafu kwenye One UI 8, mfumo wao wa mwaka 2025, Samsung wakauondoa kabisa uwezo wa kufungua butiloda, hivyo kwa wapenda romu Samsung mpya imeshatoka kwenye hesabu.

Pixel ni kama mgeni msomi sana ambaye hapa hana ndugu. Google hawaziuzi rasmi kwetu, zilizopo nyingi ni used za Marekani au zimepitia Dubai. Madevelopa wanaipenda kuliko simu zote, LineageOS ipo, GrapheneOS inayosifika kwa usalama yenyewe ni Pixel tu, na kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023 Google wanatoa apdeti miaka 7. Lakini kioo! Dar utapata kwa kuagizia, kwa bei inayokaribia simu yenyewe, mikoani sahau. Na ukinunua ambayo ilitoka kwa mtandao wa Verizon butiloda yake haifunguki, wengi wamepigwa hapo, wamenunua Pixel kwa ajili ya romu wakafika nyumbani ile swichi ya kufungua butiloda imefifia haiguswi. Muulize muuzaji kabla ya kutoa hela, na uangalie mwenyewe kwenye setingi mbele yake.

Ukiwa Dar, mtunzaji, na unajua unachofanya, Pixel used ni raha. Ukiwa Mpanda na una mtoto wa miaka miwili anayependa simu, achana nayo.

iPhone used

Huyu jirani wa mdogo wangu hajakosea sana kama mnavyodhani. iPhone mjini ina watumiaji wa kutosha, spea zipo, kuuza ni siku moja. Kwenye apu yupo juu, stoo ilifunguliwa Julai 2008 na apu 500 tu, leo hakuna kampuni makini inayotoa apu bila kuwafikiria watu wa iPhone, na nyingine zinawapa wao kwanza. Madevelopa wa mfumo ndo hakuna, Apple wakisema basi ni basi, hakuna wa kujitolea atakayekuwekea iOS ya mbele. iPhone X iliishia iOS 16, XR na XS zikaachwa Septemba 2025 ilipokuja iOS 26. Ila kuachwa siyo kufa leo, WhatsApp kwa mfano ndo kwanza Mei 2025 waliziacha iPhone 5s na iPhone 6, na 6 ilitoka 2014, piga hesabu hapo. Apu zinaendelea kusapoti iOS ya zamani miaka mingi kwa sababu walio nayo bado ni wengi.

Kwahiyo used ya iPhone angalia miaka iliyobakiza, mi kwa sasa siwezi kushuka chini ya iPhone 11. Na iCloud, ile akaunti ya Apple inayoifunga simu kwa mwenyewe. Ikiwa na akaunti ya mtu hakuna fundi wala umati utakaokusaidia, hata iwe bei ya kutupa.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Usiniamini mimi, nenda na jina kamili la modeli, lile lenye herufi na namba lililoandikwa kwenye setingi siyo la kwenye boksi, kwa fundi wa hapo unapoishi, siyo wa Kariakoo, muulize kioo shilingi ngapi na kipo leo au cha kuagiza. Waulize mafundi wawili maana mmoja anaweza kukujibu kwa kiburi cha biashara. Ukiona kioo kinafika nusu ya bei ya simu jipange kisaikolojia. Halafu nyumbani angalia kampuni imeahidi apdeti mpaka mwaka gani, ukihesabu kuanzia mwaka ambao simu ilitoka, kwa sababu simu ya miaka 4 ya apdeti ukiinunua used ikiwa na miaka 3 umebakiwa na mwaka mmoja. Romu uiangalie mwishoni na kama wewe mwenyewe utaflashi, usinunue simu kwa ajili ya romu ambayo rafiki yako ndo anajua kuiweka, rafiki anahama mkoa.

Mdogo wangu alienda stendi Mpanda akauliza. Fundi wa kwanza vioo vya Tecno anavyo droo nzima, vya Samsung A anavyo kadhaa, Redmi mpaka aagize, Pixel hakuijua kabisa. Nikamwambia kama unataka ya miaka miwili halafu ubadilishe chukua Tecno, umezungukwa na watu wako, kama unataka ya kukaa nayo mpaka mtoto aanze shule chukua A16. Kachukua A16, iliyobaki kanunua kava gumu na protekta, na namba ya yule fundi kaisevu.

Mimi bado na Redmi Note 7 yangu, lavender, nimeiwekea LineageOS, benki naenda kwa menyu ya nyota maana apu yao inagoma, na nimeshajua siku ambayo apdeti ya wiki huwa inashuka naiwekea bando kabisa.